Nani Kasema Pamba Hii Ni Fifi?

Mkulima wa Songea halimi pamba. Shambani kwake utakuta mahindi, maharage, soya na mbaazi. Jirani yake wa Mbinga ana kahawa, wa Tunduru ana korosho, wa Namtumbo ana tumbaku ya moshi na ufuta. Pamba haimo, na si kwa sababu ardhi imeikataa. Ng'ambo ya Mto Ruvuma yuko funza mwekundu, mdudu anayetoboa vitumba vya pamba, na kwa miongo mingi serikali iliuweka ukanda wa kusini chini ya karantini ili asipate ngazi ya kupandia hadi kwenye mashamba ya pamba ya Usukumani. Kwa hiyo mtoto wa Songea anaweza kukua, akaoa na kuzeeka, asiwahi kukishika kitumba cha pamba kilichopasuka.

Hata hivyo hakuna zao lililoacha kovu katika mji huu kama pamba.

Mwaka 1902 utawala wa Kijerumani, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, ulianza kuwalazimisha watu wa pwani na maeneo ya jirani kulima pamba katika mashamba ya pamoja, wakisimamiwa na majumbe na maakida. Jasho lilikuwa la kijiji kizima, mavuno yalikuwa ya wengine. Malipo yalipotoka yalikuwa kiduchu hata wapo waliogoma kuyapokea. Mwishoni mwa Julai 1905, watu wa Nandete katika milima ya Umatumbi wakaingia shambani na kuing'oa miche ya pamba. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yao ya vita, vita ya Majimaji.

Septemba moto ulifika Ungoni. Wangoni walikuwa na ugomvi wao wenyewe na boma la Songea: kodi, viboko, na watawala wao kushushwa hadhi mbele ya watu wao. Pamba haikuwa kero yao ya kwanza. Lakini vita iliyozaliwa kwenye shamba la pamba ndiyo iliyowafikia, na bei waliilipa wao. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa 67 walinyongwa Songea, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao. Nduna Songea Mbano, aliyeuachia mji jina lake, naye alinyongwa, na kwa imani ya wazawa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama katika Makumbusho ya Majimaji mjini Songea akaomba radhi kwa niaba ya nchi yake.

Historia hii imesimuliwa mara nyingi, na inastahili. Liko swali dogo ambalo huachwa pembeni: pamba ile iliyomwaga damu, ikishafika Ulaya, ni nani aliyekuwa akisema ni nzuri au mbaya?

Alikuwa mtu mmoja mbele ya dirisha. Ujerumani ilikuwa na soko lake kuu la pamba katika mji wa bandari wa Bremen, ambako chama cha wafanyabiashara wa pamba kilianzishwa mwaka 1872. Mjuzi wa pamba, awe Bremen au Liverpool, alichukua kishungi kutoka kwenye robota, akakivuta na kukivuta tena baina ya vidole gumba na vya shahada mpaka nyuzi zikalala sambamba, akazitandaza juu ya kitambaa cheusi na kutamka urefu wake. Rangi aliisoma kwa jicho. Uchafu aliukadiria kwa jicho. Nguvu aliijaribu kwa kukata vishungi kwa mikono, sikio likisikiliza mlio. Akishasema, bei imesemwa.

Tusiwadharau watu hawa. Mjuzi aliyekomaa aliweza kutofautisha nyuzi zilizopishana kwa kipande kidogo sana cha inchi, na kazi hiyo ilifundishwa kwa miaka, kama useremala au uhunzi. Walijitahidi hata kujifunga kamba wenyewe: mwaka 1923 Marekani na vyama vya pamba vya Ulaya vilikubaliana kuhusu viwango vya pamoja, yaani masanduku yenye vipande vya pamba halisi, kila kipande kikionyesha gredi yake, yakatunzwa katika masoko makubwa ili anayebisha aende akalinganishe. Tatizo ni kwamba pamba ikikaa hubadilika kuwa ya manjano. Masanduku yalibidi yatengenezwe upya kila baada ya muda, maana rula yenyewe ilikuwa inazeeka.

Na lilikuwepo tatizo jingine, kubwa zaidi: jicho lile lilikuwa la mnunuzi.

Huku Songea, baada ya vita na njaa iliyofuata, serikali mpya ya Waingereza ilitafuta zao la biashara litakalolipa kodi ya kichwa bila kijana kulazimika kwenda kukata mkonge Tanga. Zao lililoshika lilikuwa tumbaku ya moshi, ile inayotundikwa kwenye mabani na kukaushwa juu ya moto wa kuni mpaka jani linakuwa jeusi na harufu yake inaingia kwenye nguo za familia nzima. Mwaka 1936 wakulima wa Kingoni na Kimatengo walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, Ngoni-Matengo, kilichofahamika kama NGOMAT, miongoni mwa vyama vya kwanza kabisa Tanganyika baada ya Wachagga kuunda chama chao cha ushirika, KNCU.

Tumbaku ilikuja na mtu anayeitwa mteuzi. Mteuzi hupita mbele ya marobota, huchomoa jani, hulinyoosha, hulinusa, hulikunja kusikia kama lina mafuta au limekauka kupita kiasi, kisha hutaja gredi. Hapo mkulima husimama kimya. Amepanda kitalu mvua haijaanza, amepalilia, amekata kuni, amelala bandani akichunga moto usije ukapanda juu ukala bani zima, halafu msimu wote unaishia kwenye herufi na tarakimu anazotamka mtu mwingine kwa sekunde kadhaa. Kazi ya uteuzi ina ujuzi wa kweli, na wapo wateuzi waadilifu. Lakini mkulima anayebisha hana cha kushika mkononi. Yeye ana neno lake, mteuzi ana neno lake, na neno la mteuzi ndilo linaloandikwa.

Kanda ya Ziwa, ambako pamba ilishamiri, ugomvi huo ulianzia kwenye kipimo kilicho rahisi kuliko vyote: uzito. Katika miaka ya 1940 Wasukuma waliuza pamba kwa wenye viwanda vya kuchambulia na mawakala wao, na malalamiko kuhusu mizani yalikuwa wimbo wa kila msimu. Mwaka 1949 wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza walibuni jambo ambalo, kwa maoni ya mwandishi huyu, linastahili kutajwa pamoja na siku kubwa za uhuru. Waliweka wapimaji wao wenyewe karibu na vituo vya kununulia. Mkulima alipima kwanza kwa mtu wake, akamlipa ada ndogo, ndipo akapeleka mzigo kwa mnunuzi akiwa tayari anajua uzito wake. Hakuna aliyepigwa ngumi, hakuna aliyeng'oa mche. Kutokana na vuguvugu hilo vilikua vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, jina la kiongozi wa ushirika Paul Bomani likiwa mbele. Kabla ya mwongo huo kwisha, pamba yote ya wakulima wa Ziwa ilikuwa inanunuliwa kupitia ushirika.

Uzito ulipata shahidi. Ubora haukupata. Nyumbani, kina mama na watoto waliketi juu ya mkeka wakichambua pamba mbegu kwa mkono: nyeupe upande huu, iliyoliwa na wadudu au kupakwa doa upande ule. Ya kwanza huitwa safi, ya pili fifi, na karani wa kituo ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuangalia fungu la safi na kusema ni fifi.

Wakati mizani ya Mwanza inapigiwa kelele, katika mji wa Dayton, Ohio, kampuni ya Sheffield ilikuwa inatengeneza kifaa cha kupuliza hewa kwenye pamba. Wazo lake ni rahisi kiasi cha kuchekesha. Chukua pamba ya uzito unaojulikana, ishindilie ndani ya kikombe cha ukubwa unaojulikana, kisha ipulizie hewa. Nyuzi zikiwa nyembamba, zimo nyingi na zina ngozi nyingi ya kuizuia hewa, kwa hiyo hewa hupita kwa taabu. Zikiwa nene, hewa hupita kirahisi. Tarakimu inayoonekana kwenye kioo ikaitwa maikronea, na kwa pamba ya kawaida wanunuzi hupenda iwe baina ya 3.5 na 4.9. Kwa kifaa hicho pamba ilitoa jibu lisilotegemea vidole vya mtu wala alivyoamka asubuhi.

Wafugaji wa kondoo walikuwa na kilio hichohicho. Huko Australia wanunuzi wa sufu walizunguka maghalani, wakazamisha mikono kwenye marobota yaliyofunguliwa, wakapekua, wakakisia. Miaka ya 1950 watafiti wa CSIRO, taasisi ya taifa ya sayansi, waliboresha kifaa cha hewa cha kupimia unene wa unyuzi wa sufu, na mwaka 1957 nchi hiyo ikaunda mamlaka maalumu ya kupima sufu. Badala ya kufungua robota, walilitoboa kwa mrija na kutoa kipande cha ndani, wakapima mikroni, grisi na majani yaliyonasa. Miaka ya 1970 mnada ulikuwa umeshaanza kuuza kwa sampuli na karatasi ya vipimo. Miaka ya 1990 zikaja mashine mbili zinazoshindana, moja ikitumia mwale wa leza na nyingine kamera, kila moja ikidai kuuona unyuzi vizuri kuliko mwenzake. Maabara za nchi mbalimbali zikalazimika kupima sufu ileile kwa mashine zote na kulinganisha majibu, kwa sababu vyombo viwili vya kisayansi visipokubaliana, mnunuzi hurudi kwenye vidole vyake.

Upande wa pamba, Wamarekani waliunganisha vipimo kwenye mashine moja kubwa inayofahamika kwa herufi HVI. Inapima urefu, ulingano wa nyuzi, nguvu, maikronea, weupe na umanjano, na inamaliza sampuli moja kwa muda mfupi mno kuliko mtu. Kuanzia mwaka 1991 mavuno yote ya Marekani yalipitishwa humo, robota kwa robota. Mnunuzi wa Asia aliyezoea karatasi hiyo alianza kuuliza: pamba ya Afrika, karatasi yake iko wapi?

Swali hilo liliuma. Pamba ya Tanzania huchumwa kwa mkono, na kwa sehemu kubwa imechambuliwa kwa mashine za rola ambazo ni pole kwa nyuzi kuliko misumeno ya Marekani. Kwa haki ilipaswa kupata bei nzuri. Lakini bila karatasi inayoaminika, pamba nzuri na mbaya za nchi moja hutupwa kwenye kapu moja la sifa, na mnunuzi mwangalifu hukata bei ya kapu zima.

Kununua mashine hakukutosha. HVI ni chombo cha kujidekeza. Kinataka chumba cha nyuzijoto 21 na unyevu wa hewa wa asilimia 65, mchana na usiku, kwa sababu pamba hunywa unyevu kama sifongo na ikinywa nguvu zake hupanda. Sampuli hulazwa kwanza humo chumbani mpaka itulie. Wazia sasa hali hiyo Dar es Salaam mwezi wa Februari, umeme ukikatika mara moja tu wakati wa kazi. Mashine itaendelea kutoa tarakimu nzuri zenye desimali, na zote zitakuwa za uongo. Jicho la mjuzi likichoka utaliona limechoka. Mashine haipigi miayo.

Ndiyo maana mwaka 2007 ulianza mpango wa kuzipima mashine zenyewe, chini ya Kamati ya Ushauri ya Kimataifa ya Pamba. Pamba iliyochanganywa vizuri hugawanywa na kutumwa kwa maabara duniani kote, mara nne kwa mwaka. Kila maabara hupima kila sampuli mara sita kila siku kwa siku tano, jumla mara 30, hurudisha majibu, halafu huambiwa imekaa umbali gani kutoka kwa wenzake. Zaidi ya mashine mia moja zimeshiriki katika duru moja. Maabara tajiri ya Ulaya inaweza kukuta imeachwa nyuma na ya nchi maskini, na hakuna wa kumlaumu.

Sambamba na hilo, kwa fedha za Umoja wa Ulaya na Mfuko wa Pamoja wa Mazao, Afrika ilipewa vituo viwili vya kusimamia upimaji huo: kimoja Ségou nchini Mali kwa ajili ya Afrika Magharibi, kingine Dar es Salaam, ndani ya Shirika la Viwango Tanzania, kwa ajili ya Afrika Mashariki na Kusini. Kazi yake ilikuwa kufundisha mafundi wa nchi jirani, kukagua maabara zao na kuwasaidia walinganishe vipimo kabla ya kuingia kwenye duru ya dunia. Na mradi uliongozwa na nani? Taasisi ya nyuzi ya Bremen. Mji ambao wajuzi wake walikuwa wakivuta kishungi dirishani enzi za von Götzen ndio uliomtuma mtaalamu Dar es Salaam kufundisha jinsi ya kuhakikisha kwamba neno la Bremen na neno la Dar ni neno moja. Historia ina mizaha yake, na huu si mbaya kama mingine.

Isidhaniwe kwamba mashine ilileta mwisho wa ubishi. Maikronea yenyewe ni kigeugeu: tarakimu ndogo inaweza kumaanisha unyuzi mwembamba wa asili, jambo jema, au unyuzi uliochumwa haujakomaa, jambo baya, na hewa haijui tofauti. Kamba za plastiki kutoka kwenye mifuko ya kuvunia, ambazo huharibu kitambaa zikigoma kushika rangi kiwandani, HVI haizioni. Hiyo bado ni kazi ya macho na ya mkulima anayekubali kuvunia kwenye gunia la kitambaa. Kubwa zaidi, mashine hupima pamba nyuzi, baada ya pamba ya wakulima wengi kuchanganywa kiwandani. Anayepewa karatasi ni muuzaji wa nje. Kule kwenye chama cha msingi, mkulima bado anauza kwa kilo na kwa neno la safi au fifi, na anayeimwagia pamba maji au mchanga usiku ili iongezeke uzito anajua kwamba mizani haitamsema.

Mfano wa 1949 ulikuwa na kitu ambacho mpango wa 2007 haukukifikia: chombo kilikaa upande wa mkulima, kabla ya kuuza.

Katika mkoa wa Ruvuma leo chombo kinachokaribiana na hicho kipo, ingawa kinakaa kwa mnunuzi na ni cha mahindi. Kwenye vituo vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, foleni ya magunia husogea taratibu kuelekea kwenye kifaa kidogo chenye kioo. Punje hutolewa kwa bambo, humiminwa ndani, na tarakimu huonekana kwa wote waliosimama karibu. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Zaidi ya hapo ukungu hupata makao, na pamoja nao sumukuvu isiyoonekana wala kunusika. Kabla ya kifaa hicho wakulima walikuwa na chao, nacho ni meno: punje iliyokauka hupasuka kwa mlio mkavu, mbichi hubonyea. Wazee wengi bado husema meno hayadanganyi, na mara nyingi wako karibu na ukweli, ila meno hayawezi kutofautisha 13 na 15.

Tumbaku ya Namtumbo bado inasubiri mteuzi. Mashine ya kunusa jani lililokaushwa kwa moshi na kutaja gredi mbele ya mkulima haijafika kwenye magulio ya huko, na sokoni mabishano ya gredi hurudi kila msimu kama mvua za masika. Penye mahindi ubishi umebadilika sura. Mtu anaweza kudai kifaa ni kibovu, akaomba gunia lake lipimwe tena, akapimiwa, na majirani wakaiona tarakimu. Ikitoka 15, anapakia mzigo kwenye bodaboda, anaurudisha nyumbani, anatandika turubai uani na kuyamwaga mahindi juani. Baada ya siku mbili huinama, huokota punje moja, huifuta kwenye shati na kuiuma.